Kura Saba za Upande wa Nyuma

Mama Furaha hana desturi ya kunipigia simu mchana. Anajua mchana niko dukani, na yeye mwenyewe huona simu ni kitu cha jioni, baada ya chakula, mtu akiwa amenyoosha miguu. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu siku ile, nikiwa namkunjia mteja abaya yake, nilijua kuna jambo kabla sijapokea. "Saumu, uko na mutu hapo?" akauliza. Nikamwambia nina mteja. "Basi ikala chini kwanza. Marlys amekufa. Nimeona tangazo yake saa hii. Watamuzika siku ya posho." Siku ya posho kwao Uvira ni Jumamosi. Nilimwomba mteja radhi, nikaenda nyuma ya pazia tunapojaribia nguo, nikakaa juu ya boksi la mitandio. Sikulia. Nilichofanya ni kuhesabu miaka, nikaona imepita zaidi ya ishirini, na katika miaka yote hiyo, kutoka hapa Richfield hadi mlangoni kwa Marlys ni mwendo wa saa moja na nusu tu, na sikwenda hata mara moja.

Ya Malindi, na jinsi nilivyofika huku, nitayaweka kando. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikikaa Brooklyn Park katika chumba kimoja na wasichana wawili wa Nairobi, na Mama Furaha alikuwa jirani wa ghorofa ya chini. Yeye ndiye aliyekuwa na gari, na yeye ndiye aliyenipatia kazi ambayo wengine waliikataa kwa sababu ya umbali: kuwatunza wazee katika nyumba ya kaunti, magharibi mwa mji, mahali ambapo ukiacha barabara kuu huoni tena kitu ila mahindi, soya, na maghala ya nafaka yanayong'aa kwa mbali. Jina la kaunti silitaji. Watu wake wengi bado wako hai, na mimi si wa kuwahukumu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, haina ghorofa, imejengwa kwa umbo la mikono miwili. Upande wa mbele walikaa wazee waliojiweza, waliokuja mezani kwa miguu yao na kugombania karata. Upande wa nyuma, ambao ulikuwa wetu, walikaa wa kuinuliwa, kuoshwa na kulishwa. Vyumba vyao vilikuwa na joto kali mwaka mzima, na kila chumba kilikuwa na harufu yake: wa kwanza poda, wa pili mafuta ya kuchua viungo, wa Mzee Leland ngozi ya buti ambazo hakuzivaa tena lakini alitaka zikae chini ya kitanda. Chakula cha mchana kilitoka jikoni katika masinia ya bati, nyama ya kusaga na viazi vilivyookwa pamoja kwa jibini, na mimi nilikuwa nikilisha watu chakula ambacho sijui ladha yake. Mimi na Mama Furaha tulikula chetu katika chumba kidogo karibu na chumba cha kufulia; yeye ugali na sombe, kisamvu cha kwao, mimi mahamri na mbaazi za jana. Ukuta ulikuwa mwembamba, na wanawake wa jikoni walipumzika upande wa pili. Kiingereza changu cha mambo ya kule nilikipata kwenye ukuta ule.

Marlys alikuwa mtu wa ofisini. Kazi yake ilikuwa barua za wazee, siku zao za kuzaliwa, simu za watoto wao, na ugomvi wao. Alikuwa na umri kama nilio nao mimi leo, nywele fupi za kijivu, miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Sitamremba kwa kuwa amekufa. Alikuwa mkavu. Mwezi wa kwanza aliniambia jina langu linampotea mdomoni, ataniita Sam, na akaniita Sam hadi mwisho. Aliwahi kunirudishia taulo kumi na mbili nizikunje upya, akasimama akinitazama hadi nikamaliza. Lakini mzee akifa, yeye ndiye aliyekaa na maiti mpaka gari la mazishi lifike, hata kama zamu yake imekwisha, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba anafanya hivyo. Nilimkuta tu, mara mbili, amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, taa haijawashwa.

Msimu wa mavuno mwaka ule ulikuwa pia msimu wa uchaguzi mkuu, na mabango yaliota kwa wingi kando ya barabara kuliko magugu. Sisi ndani ya gari tulisoma mawili tu. La kwanza lilikuwa la mtu aliyegombea usherifu, yaani ukuu wa polisi wa kaunti, mtu wa shingo nene, ambaye ukuta wetu mwembamba ulituambia ameahidi kusimamisha kila gari la watu wa mjini linaloingia kaunti asubuhi na kuwauliza makaratasi yao. Mimi nilikuwa na green card. Mama Furaha pia. Hata hivyo, kila tulipopita bango lile alipunguza mwendo, kana kwamba bango lina macho. La pili halikuwa na sura ya mtu. Liliwataka wananchi wapige ndiyo au hapana: kaunti iendelee kutoza kodi ya ardhi ili nyumba ya wazee ibaki wazi, au isiendelee? Tuliona "hapana" nyingi kwenye mashamba makubwa. Siku moja tulipotea njia kwa sababu ya matengenezo ya daraja, tukapita mbele ya nyumba ya Marlys, tukaijua kwa gari lake. Kwenye majani yake yalisimama mabango mawili bega kwa bega: "ndiyo" kwa nyumba ya wazee, na yule wa shingo nene.

"Umeona?" Mama Furaha akasema.

"Nimeona."

"Vraiment, kweli kabisa, hii watu siwaelewi. Mukono moja inakupa mukate, ingine inakunyanganya."

Kwa kawaida, kabla ya uchaguzi, makarani wawili wa kaunti huja na masanduku kuwapigisha wazee kura hapo hapo. Mwaka ule ugonjwa wa kuharisha uliingia nyumbani wiki mbili kabla, milango ikafungwa kwa wageni, na karatasi za kura zikaletwa kwa posta. Kila mzee alipata karatasi yake na bahasha, na nje ya bahasha palikuwa na mahali pa shahidi: saini na anwani. Marlys aliushughulikia upande wa mbele peke yake, siku tatu, akisaini kila bahasha. Ijumaa, zikiwa zimebaki saba za upande wa nyuma, ugonjwa ukamshika yeye mwenyewe. Nilimkuta ameegemea ukuta wa korido, uso umekuwa kama majivu. Akanipa bahasha. "Sam, kaa na hawa saba. Wasomee wasioona. Usiwaambie wachague nini. Kisha usaini panapoandikwa shahidi. Posta inachukuliwa saa tisa." Hakuniuliza kama mimi ni mpiga kura. Mimi sikumwambia kwamba siye. Sikujua kwamba shahidi anatakiwa awe mpiga kura aliyeandikishwa. Hilo nalijua leo. Nililolijua siku ile ni kwamba ile ilikuwa karatasi ya serikali na ilitaka niandike ninapolala.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Furaha, aliyekuwa akibadilisha mashuka. Akazitazama bahasha bila kuzigusa. "Weka signature, ju wamekutuma," akasema. "Lakini adresi usiweke. Mimi nilipita kambi tatu. Kila mahali niliandika pahali ninakaa, kuna mutu alikuja kunitafuta." Maneno yale yaliniingia, kwa sababu ndiyo niliyotaka kuyasikia.

Basi nikaenda kitanda hadi kitanda. Bi Ardis, mwalimu wa zamani aliyekuwa akiona vivuli tu, alinitaka nimsomee kila neno, hata maelezo ya kukunja karatasi. Kwenye swali la nyumba ya wazee akasema "Ndiyo" kwa sauti ya darasani, akanishika kifundo cha mkono kuhakikisha wino umeingia kwenye duara. Mzee Leland alipiga yake mwenyewe, taratibu, ulimi ukiwa umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipomaliza akanionyesha bila kuulizwa. Alikuwa amepiga hapana. "Ardhi ni ya mwanangu sasa," akaniambia. "Siwezi kumtoza ili mimi nilale pazuri." Nikamwambia hapa ndipo anapolala. Akasema anajua sana anapolala. Wengine watano walikunja zao wakanipa, na sikuangalia. Nikasaini saba, saini ya kuvuruga ambayo hata mama yangu asingeisoma, nikaacha mstari wa anwani mweupe, nikazipeleka kwenye kapu la posta kabla ya saa tisa. Nakumbuka nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Matokeo tuliyasikia Jumatano, wakati wa kifungua kinywa. Redio ya mji ule mdogo iliwekwa juu ya friji ya chumba cha kulia, na mtangazaji, mtu waliyemjua wote kwa sababu siku za kawaida alisoma bei za mahindi, alisoma kura kijiji kwa kijiji, kwa sauti ile ile. Mara hii hata wazee wa nyuma tuliwasukuma kwa viti vyao wasikilize. Yule wa shingo nene alishinda kwa wingi. Wanawake wa jikoni wakapiga makofi, kisha mmoja akatuona mimi na Mama Furaha tumeshika vijiko vya uji, akashusha mikono na kujifuta kwenye aproni. Halafu likaja swali la nyumba. Vijiji vya karibu ndiyo, vya mbali hapana, ndiyo, hapana, na Bi Ardis alikuwa akijumlisha kichwani, midomo ikicheza. Alimtangulia mtangazaji. "Tumeanguka," akasema. "Kwa kura nne." Redio ikasema vivyo hivyo, ikaenda kwenye hali ya hewa. Mtu mmoja akaomba kahawa zaidi. Marlys, aliyekuwa amesimama mlangoni bado hajapona vizuri, aligeuka akaenda ofisini kwake na kufunga mlango, na kupitia kioo nilimwona anafungua droo na kuifunga, anaifungua na kuifunga.

Barua zilikuja juma lililofuata, saba, zote za upande wa nyuma, zote zenye muhuri wa kaunti. Kazi ya kugawa barua ilikuwa yangu asubuhi ile. Bi Ardis akaniambia nimsomee. Nikasoma kimoyomoyo mistari miwili ya mwanzo nikasimama, lakini alikuwa mwalimu. Alijua kimya cha mwanafunzi aliyeona jibu. "Soma, mtoto." Nikasoma. Kura yake haikuhesabiwa. Fomu ya shahidi haikukamilika: anwani haipo.

Aliuelekeza uso dirishani kana kwamba anaona nje.

"Shahidi alikuwa nani?"

"Ni mimi, Bi Ardis."

"Hukujua kuandika anwani yako?"

"Niliogopa."

"Nimepiga kura tangu nilipotimiza miaka," akasema. "Nilikwenda kupiga kura siku ya pili baada ya kumzika mume wangu. Niliendeshwa kwenye theluji hadi magotini. Na wewe uliogopa." Hakupandisha sauti. Akaninyooshea mkono, nikadhani ananipa mkono, kumbe anataka barua yake. Kwa siku kumi hakukubali nimguse. Mama Furaha ndiye aliyemwosha.

Kura nne, na mikononi mwangu zilipita saba. Usiku na mchana hesabu hiyo ilizunguka. Moja najua ilikuwa ndiyo na moja najua ilikuwa hapana. Zile tano sijui hadi leo, na wenyewe wote wamekwisha kufa. Kuna miaka nimejiambia kwamba labda zingegawanyika na nyumba ingefungwa vile vile. Kuna miaka sikuweza kujiambia.

Nilichoweza kumwambia kikongwe chumbani kwake sikuweza kukisema ofisini. Kaunti ilitaka kujua kulitokea nini, na mkurugenzi wa nyumba, bwana mmoja mpole aliyekuwa akitoka jasho hata wakati wa baridi, akamwita Marlys. Nilikuwa nikipita koridoni na sinia la vikombe. Mlango haukufungwa sawasawa, na nikasikia jina langu, lile alilonipa Marlys.

"Ardis anasema alikuwa Sam."

"Ardis haoni."

"Marlys, wanataka jina. Sherifu mpya ameshauliza. Kama aliyesaini si raia, si mchezo huo."

"Bahasha nilikabidhiwa mimi. Kabla ya kuzituma nilitakiwa kuziangalia. Sikuziangalia. Andika langu."

"Unajua nitalazimika kufanya nini."

"Najua kazi yako, ndiyo. Andika."

Kati yangu na mlango palikuwa na hatua tatu. Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia, nikavishikilia kwa kidevu visilie. Nilifikiria green card yangu, nikafikiria mama yangu anayengoja ninachomtumia kila mwezi, nikafikiria nikibisha hodi nitasema kwa maneno gani. Nilifikiria mambo mengi sana kwa mtu aliyekuwa na kitu kimoja tu cha kufanya. Kisha nikaondoka kwa vidole vya miguu, nikaenda kuviosha vikombe, ambavyo vilikuwa safi.

Marlys aliondoka Ijumaa. Nilimfuata hadi kwenye maegesho bila koti. Alikuwa anatia boksi kwenye buti ya gari, na pumzi yake ilikuwa moshi. Alinitazama nikitetemeka.

"Kwa nini hukuandika anwani?"

"Niliogopa polisi."

Akafunga buti. "Yule sherifu nimempigia kura."

"Najua."

"Si kwa ajili yako."

Nilitaka kusema asante na nilitaka kumuuliza kwa ajili ya nani basi, lakini meno yalikuwa yakigongana, naye akasema, "Ingia ndani, Sam, wazee wanangoja chakula," akaendesha gari akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Nyumba ilifungwa mwezi wa tano. Mzee Leland hakufika huko; alifariki theluji ilipoanza kuyeyuka, akiwa amelala pazuri. Wengine waligawanywa huku na huku, mahali palipokuwa na kitanda, mtu upande huu wa kaunti na rafiki yake wa miaka sitini upande ule. Bi Ardis alipelekwa nyumba nyingine, mbali na wanafunzi wake wote wa zamani. Nilimvisha viatu siku ile. Alikuwa amekubali tena mikono yangu, lakini hakunisamehe, na sitaki kuandika kwamba alinisamehe. Sherifu hakuwahi kutusimamisha. Mama Furaha aliendelea kupunguza mwendo penye lile bango hata lilipong'olewa.

Miaka sita baadaye nilikula kiapo cha uraia. Kila uchaguzi nimekwenda, na kila fomu nimeijaza hadi mstari wa mwisho, na kila mara nimesema mwezi ujao nitakwenda kumwona Marlys. Mtu anaweza kuishi muda mrefu sana kwa mwezi ujao.

Siku ya posho Mama Furaha alinichukua mlangoni. Sasa ana goti la bandia na gari linaloongea. Kanisa lilikuwa dogo, jeupe, na baada ya kuzika wote walishuka chumba cha chini kula. Tulikuwa weusi wawili tu, mimi na yeye, nami nimejitanda mtandio wangu, na watu wakatupisha kwa adabu, wakatupa sahani. Binti yake Marlys alikuwa akizunguka meza akishukuru watu. Mwanamke wa miaka arobaini, mkavu vile vile. Alipofika kwetu aliuliza tulimjuaje mama yake. Mama Furaha akanikanyaga mguu chini ya meza, sijui alimaanisha niseme au ninyamaze.

Nikasema. Nilimweleza bahasha, saini, anwani, na kwamba mama yake alichukua kosa langu akapoteza kazi.

Alisimama na sahani mkononi. "Kazi gani aliyopoteza?" akauliza. "Mama aliacha kazi. Alituambia amechoka na wazee."

"Hakuacha. Alifukuzwa."

"Mwaka uliofuata nilikuwa nianze chuo," akasema polepole. "Sikwenda. Hakukuwa na njia. Nilimwambia yeye ni mtu wa kukata tamaa, na nikamwambia mbele ya watu. Miaka mitatu hatukusemezana vizuri." Akaweka sahani mezani, ikagonga. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Nilielewa wakati ule kwamba nilikuja kutua mzigo na nilikuwa nimeutua juu ya kichwa cha mtu mwingine.

"Hakusema," alirudia. "Hata alipokuwa mgonjwa, hakusema." Akatazama upande wa pili wa chumba, alikosimama mwanamume mrefu akicheka na wazee fulani. "Yule ni kaka yangu. Usiondoke. Nataka asikie kutoka kwako, lote, tangu mwanzo."

Alimwita. Kaka akavuta kiti, akakaa akinitazama machoni, na dada yake akakaa ubavuni kwake. Mara ya kwanza nilikuwa nimemsimulia dada kama mtu aliyeipata habari baadaye, kwa kuambiwa. Sikuwa nimetaja korido, wala sinia, wala mlango ulioachwa wazi. Mama Furaha aliondoa mguu wake juu ya wangu. Safari hii nikaanzia pale mlangoni, nimeshika sinia.